Mwanzo na mwinamo wa sanduku letu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama)



Leo tunaomba tuzungumze hesabu. Ni ile watoto wetu wanajifunza shuleni: y = ax + b. Waliosoma shule za Tanzania waliizoea kwa herufi zingine, y = mx + c, lakini ni kitu kimoja. Tunaileta hapa kwa sababu sanduku letu la magonjwa na kilio linapunguka, na inafaa tujue linapunguka namna gani kabla ya kupiga kura.

Tuanze na jambo tunalolijua wote. Kule kambini Nyarugusu chakula kilipimwa kwa vichwa. Vichwa vitano, mara tano. Bila kichwa, hakuna kitu. Huo ni mstari unaoanzia kwenye sifuri. Lakini mambo mengi huku nyumbani hayaanzii sifuri. Tuseme mwenye boti hapa Baraka anakuambia: “Boti ni franka 60 000, halafu kila gunia franka 2 000.” Amekupa namba mbili. Ile 60 000 ni mwanzo, utailipa hata ukiwa na gunia moja tu, ndiyo b. Ile 2 000 inajirudia kwa kila gunia. Ndiyo a, mwinamo wa mstari. Gunia 10 zitakula 80 000. Mwingine anasema: “Mimi sitaki feza ya boti, unilipe 5 000 kwa kila gunia.” Kwa gunia 10 huyu ni nafuu, 50 000. Kwa gunia 20 wako sawa, 100 000. Kupita hapo, yule wa kwanza ndiye nafuu. Basi ukiuliza bei ya gunia peke yake, bado hujajua bei.

Sasa sanduku. Hapa hakuna mtu wa kutuambia mwanzo wala mwinamo. Tunavitafuta ndani ya daftari. Mwisho wa mwezi wa 2 karani aliandika franka 910 000. Mwisho wa mwezi wa 6, 630 000. Zimepunguka 280 000 ndani ya miezi 4. Gawa: ni 70 000 kila mwezi. Kwa kuwa zinapunguka, tunaweka alama ya kutoa: a ni −70 000. Kupata mwanzo, tunarudi nyuma miezi 2 kutoka mwezi wa 2: 910 000 na 140 000, ni 1 050 000. Ndiyo b. Mstari wetu ni huu:

y = −70 000x + 1 050 000

x ni miezi, y ni feza zilizo ndani. Kabla ya kuuamini tuliupima na mwezi wa 4. Mstari unasema 770 000, daftari linasema 765 000. Ziko karibu, kwa hiyo mstari unafaa.

Unatuambia nini? Gawa 1 050 000 kwa 70 000, unapata 15. Mwezi wa 15 ni mwisho wa Machi mwaka kesho. Siku hiyo sanduku litakuwa sifuri, na atakayefiwa mwezi wa 4 hatapata jeneza kutoka kwetu.

Wengine wanasema tuombe wafadhili. Ni vizuri, na tunawashukuru. Lakini tuone zawadi inafanya nini. Wakitupa 350 000, mstari wote unanyanyuka, halafu unaendelea kushuka vile vile. Tumepata miezi 5, basi. Zawadi inagusa mwanzo, haigusi mwinamo.

Mwinamo unaguswa na sisi wenyewe. Tuko jamaa 40. Kila jamaa ikiongeza franka 2 000 kwa mwezi, ni 80 000. Ukitoa zile 70 000, inabaki 10 000. Tukihesabu miezi upya kuanzia ile 630 000, mstari ni y = 10 000x + 630 000. Unapanda polepole, lakini unapanda.

Tunajua 2 000 siyo kidogo kwa mama anayeuza ndagala. Kwa hiyo tunaleta na njia ya pili: kuongeza 1 000. Hapo mstari bado unashuka, lakini kwa 30 000 tu kila mwezi. Badala ya miezi 9 iliyobaki, tunapata 21. Na wafadhili wasikie hili: ile zawadi ya 350 000, iliyokuwa inatupa miezi 5, sasa itatupa zaidi ya 11.

Mstari siyo unabii. Kipindupindu kikiingia, au mihogo ikiharibika shambani, mwinamo utageuka. Ndiyo maana tunaomba karani atie alama moja kila mwezi kwenye karatasi kubwa ukutani, kila mtu aione. Alama zikianguka chini ya mstari miezi miwili mfululizo, tunaitana, hatungoji kilio.

Kura ni juu ya hizo njia mbili. Atakayekuja na ya tatu tutamsikiliza, ila atuletee namba zote mbili: tunaanzia wapi, na kila mwezi tunapanda au tunashuka kiasi gani.