Kupima Si Kuhesabu



Dakika nilizopewa nitazitumia kwa usemi mmoja wa Kiingereza upendwao sana katika insha: “weigh the pros and cons”.

Wengi huutafsiri “faida na hasara” wakaishia hapo. Pro ni Kilatini, maana yake kwa ajili ya. Con ni mkato wa contra, yaani kinyume. Pro basi ni sababu ya kulikubali jambo, na sababu si lazima iwe faida. Ahadi uliyompa mama yako haikuletei hata senti, lakini ina haki ya kuandikwa. Tena lazima liwepo jambo la kuamuliwa. Kijana akiandika juu ya “pros and cons” za malaria, amepotea: nani aliyependekeza malaria? Aandike za kupuliza dawa ya mbu majumbani, tutaelewana.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Weigh ni kupima, nasi twahesabu. Tukiona sababu sita huku na nne kule, twasema sita zimeshinda, kana kwamba gunia la pamba na gunia la chumvi ni uzito mmoja.

Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi aliyekuwa Leeds, Uingereza, aliitwa kufanya kazi kwa Lord Shelburne. Akamwomba shauri Benjamin Franklin, aliyekuwa London. Franklin hakumwambia achague lipi. Alimweleza namna ya kuchagua. Gawa karatasi kwa mstari, upande huu Pro, upande ule Con. Kwa siku tatu nne andika kila sababu inapokujia, maana hazitujii zote pamoja. Kisha futa zilizolingana uzito: pengine moja ya huku ni sawa na mbili za kule, basi futa zote tatu. Zinazobaki zitaonyesha mizani imeelemea wapi. Hata hapo ngoja siku moja mbili.

Ziangalieni siku hizo. Orodha ya usiku mmoja hubeba hasira au furaha ya usiku ule. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayechagua masomo ya kidato cha tano huku fomu zinakusanywa, hata achore mstari, hajapima.

Priestley alikwenda kwa Shelburne mwaka 1773, na ndiko alikoitenga hewa ya oksijeni mwaka 1774. Siku ya kuamua, oksijeni haikuwamo katika safu yoyote.

Maswali nitayapokea wakati wa chai.