Watu Tisa Waliopotea Jangwani

(Muziki wa kipindi. Unasikika kidogo, kisha unashuka.)

  

Leo tunazungumza juu ya watu waliopotea vitani, na jinsi sisi tuliobaki tunavyoweza kuwatafuta na kuwakumbuka. Nitakusimulia habari ya kweli ya wanajeshi tisa wa ndege moja ya mabomu. Ilitokea Libya mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wazee wetu waliijua vita hiyo. Ndiyo iliyowapeleka askari wa Kongo hadi Ethiopia, na vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda hadi Burma. Watu hawa tisa walikuwa Wamarekani. Lakini kilichowapata wazazi wao wengi wenu mnakijua: kumngoja mtu bila kujua kama yu hai au amekufa.

Sikiliza basi.

Ndege yao iliitwa Lady Be Good. Rubani alikuwa William Hatton, na msaidizi wake Robert Toner. Walikuwemo pia mwongoza njia, mtu wa kuangusha mabomu, fundi wa mitambo, mtu wa redio na wapiga bunduki. Alasiri ya tarehe 4 Aprili 1943 waliruka kutoka uwanja wa Soluch, karibu na mji wa Benghazi kwenye pwani ya Libya. Walitumwa pamoja na ndege nyingine kwenda kupiga bandari ya Napoli, Italia, ng'ambo ya bahari. Kwa hawa tisa hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa pamoja.

Siku hiyo upepo ulivuma na mchanga mwingi. Ndege nyingine kadhaa zilirudi mapema. Lady Be Good ilibaki peke yake, na kabla ya kushambulia giza likaingia, ikabidi igeuke kurudi.

Usiku ule rubani aliomba kwa redio aonyeshwe njia. Kituo cha pwani kikampa mwelekeo. Lakini chombo cha siku zile kilionyesha tu mstari ambao sauti inatokea. Hakikuweza kusema kama ndege iko mbele ya kituo au nyuma yake. Watu wa kituo waliamini kwamba bado iko juu ya bahari, inakuja. Kumbe ilikuwa imekwisha kupita uwanja wake gizani, na sasa inaelekea kusini, ndani ya jangwa la Sahara. Ikaendelea hivyo kwa muda wa saa mbili hivi.

Karibu saa nane usiku mafuta yalikuwa yanakwisha. Wote tisa wakaruka kwa miavuli. Mwavuli wa mmoja wao, John Woravka, haukufunguka vizuri, akafa. Wengine wanane walitafutana gizani wakakutana. Woravka walimngoja, hakuja.

Wanane hao walidhani bahari iko karibu. Kwa kweli uwanja wao ulikuwa nyuma yao kwa zaidi ya kilomita 600. Walikuwa na chakula kidogo sana na chupa moja ya maji ya askari, nayo haikujaa. Wakakubaliana kila mtu apate kifuniko kimoja cha chupa kwa siku. Kisha wakaanza kutembea kuelekea kaskazini.

(Muziki mfupi.)

Tunajuaje hayo? Kwa sababu Toner alikuwa na kitabu kidogo mfukoni, na kila siku aliandika maneno machache. Aliandika kwamba usiku ni baridi kali na mchana ni moto. Aliandika kwamba wanatembea dakika 15 na kupumzika dakika 5. Aliandika kwamba wanaomba Mungu wakati wote, na kwamba macho yao yanaharibika kwa mchanga na jua.

Siku ya tano watano walishindwa kuendelea. Watatu waliokuwa na nguvu kidogo, Shelley, Ripslinger na Moore, walitangulia ili walete msaada. Watano wakabaki pamoja, wakingoja. Maandishi ya mwisho ya Toner ni ya tarehe 12 Aprili. Anasema kwa ufupi kwamba msaada haujafika na usiku ulikuwa na baridi sana.

Njiani waliacha alama. Walikata vitambaa vya miavuli wakavigandamiza kwa mawe, na wakapanga viatu mchangani kama mishale, ili atakayewafuata ajue wameelekea wapi.

Na wenzao je, waliwatafuta? Ndiyo, walitafuta. Lakini walitafuta baharini, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba ndege ilizama kabla ya kufika pwani. Hakuna aliyewaza jangwa. Utafutaji ukasimamishwa. Familia zao kule Marekani zikaletewa habari kwamba watoto wao hawajulikani walipo, na baadaye kwamba wanahesabiwa kuwa wamekufa. Vita vikaisha mwaka 1945. Wengine wakarudi nyumbani. Hawa hawakurudi, wala hapakuwa na kaburi.

Miaka 15 ikapita. Mwaka 1958 watu waliokuwa wakitafuta mafuta ya petroli Libya waliona ndege ikiwa imelala mchangani, mbali na njia yoyote. Mwaka uliofuata watu walifika hapo kwa gari. Ndani palikuwa na maji na chakula, na redio ilikuwa bado inafanya kazi. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Ndege hiyo ilikuwa imeshuka yenyewe, kusini ya mahali waliporuka. Wao walikuwa wamekwenda kaskazini na hawakujua ilipo.

Watafutaji wakazifuata zile alama za vitambaa na viatu. Mwezi wa Februari 1960 watu wa kampuni ya mafuta waliona miili ya wale watano, mahali pamoja, na kitabu cha Toner. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 120 kwa maji yale machache. Mwezi Mei walipatikana Shelley na Ripslinger, zaidi ya kilomita 30 mbele ya wenzao. Mwezi Agosti alipatikana Woravka, na mwavuli wake. Moore hajapatikana rasmi hadi leo.

(Muziki mfupi.)

Mpendwa msikilizaji, huenda unajiuliza, habari hii ya zamani inanihusu nini? Nina mambo manne ya kukuambia.

La kwanza ni juu ya mahali pa kutafuta. Watu wale walitafutwa kwa bidii, lakini mahali pasipo pao. Kwa hiyo wewe unayemtafuta mtoto, mume, mke au mzazi, ukienda kueleza, sema kile ulichokiona hasa. Mara ya mwisho mlionana wapi? Kijiji gani, kivuko gani, barabara gani, mwezi gani? Alikuwa pamoja na nani? Alivaa nini, ana alama gani mwilini? Kama jambo fulani hukuliona ila uliambiwa, sema kwamba uliambiwa. Tetesi ikigeuzwa kuwa habari ya kweli, watu watatafuta baharini wakati mtu wako yuko jangwani.

Kazi hii ya kutafuta ndugu inafanywa na Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika nchi nyingi. Uliza kiongozi wako wa bloku, au ofisi ya ulinzi wa wakimbizi, nani anaishughulikia kambini kwako. Hulipi chochote. Akija mtu akasema, "Nipe fedha nikuletee habari za mwanao," usimpe. Wapo wanaofanya biashara na machozi ya watu. Na ukihama, au ukibadilisha namba ya simu, rudi uwaambie, ili habari ikija ikukute.

La pili ni juu ya kuandika. Kitabu kidogo cha Toner, kilichoingia mfukoni, ndicho kilichowapa wazazi ukweli baada ya miaka 17. Chukua daftari. Andika jina kamili la kila mtu wa nyumba yako, aliye hai na asiyejulikana alipo: jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji, mwaka aliozaliwa. Kama hujui kuandika, mwombe kijana unayemwamini. Na watoto wadogo wafundishe majina yao yote, majina yenu ninyi wazazi na jina la mahali mlipotoka. Mtoto anayejua kusema "mimi ni mtoto wa mama" tu, ni vigumu kumrudisha kwa mama huyo.

La tatu ni kwa wale wanaojilaumu. Wengi wetu tulikimbia usiku. Njia zikagawanyika. Mmoja alibeba mtoto, mwingine akabaki na mgonjwa. Leo unajiuliza, kwa nini nilitangulia? Au, kwa nini nilibaki? Watazame wale wanane. Watatu walitangulia kwa ajili ya wenzao. Watano walibaki kwa sababu miguu ilikataa. Hakuna aliyemtupa mwenzake.  Wewe pia uliamua kwa yale uliyoyajua usiku ule. Ukilemewa, usikae nayo peke yako. Zungumza na mtu mzima unayemwamini, kiongozi wako wa dini, au mhudumu wa afya.

La nne ni juu ya matanga bila kaburi. Sitakudanganya. Kutafuta hakuleti habari njema kila mara, na pengine hakuleti habari yoyote. Familia nane zilipata miili ya watoto wao. Familia ya Moore haikupata. Hata hivyo Moore hatengwi na wenzake. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Libya waliweka dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la kambi yao, kwa kumbukumbu ya watu wa ndege ile. Dirisha hilo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Dayton, Ohio. Na katika mji mdogo wa Lake Linden, alikotoka mtu wa redio, imesimamishwa panga ya ndege hiyo, ili wapitao waulize na waambiwe.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika jambo hili tusikubali. Huna kioo cha rangi wala panga ya ndege, lakini una jina lake. Familia inaweza kuchagua siku moja kwa mwaka, mkaketi, mkataja jina, mkaeleza alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, aliwachekesha vipi. Mnaweza kupanda mti mahali mnaporuhusiwa. Kumkumbuka hivyo si kumtangaza kuwa amekufa. Mama anayetumaini anaruhusiwa kutumaini, na anaruhusiwa kulia.

Sasa tutanyamaza dakika moja. Katika dakika hiyo taja jina la mtu wako, kwa sauti au moyoni.

(Kimya, dakika moja. Muziki unaingia polepole.)

Asante. Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kuzungumza leo:

1. Kwa nini watu wa Lady Be Good walitafutwa mahali pasipo pao?
2. Mtu anayemtafuta ndugu katika kambi yetu aende kwa nani, na aeleze nini?
3. Kule tulikotoka tuliwakumbuka vipi waliokufa mbali? Ni lipi tunaloweza kulifanya hapa?

Asiwepo wa kulazimishwa kusimulia habari yake. Anayetaka kusikiliza tu, asikilize.

 Mungu awalinde wale tunaowangoja. 

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)