Ndani ya Bua Mna Nini?



Tukishavuna mahindi na mtama, sisi hapa Lukole huyafanyia nini mabua? Tunapiga kiberiti. Kesho yake mama anatoka alfajiri kutafuta kuni mbali. Miti ya karibu ilikatwa sana tangu mwaka 1994, wakimbizi walipoingia Ngara kwa malaki, maana nao walitaka kupika kama sisi. Kambi ya Lukole ilikwisha fungwa, lakini taabu ya kuni tumebaki nayo.

Hebu shika bua kavu ulivunje. Gumu, sivyo? Ndani mna nyuzi, na nyuzi hizo zimeshikwa na kitu kiitwacho lignini. Tazama ukuta wa nyumba: fito ndizo nyuzi, udongo ndio lignini. Bila lignini mahindi yangelala chini. Ng'ombe naye hawezi kuiyeyusha tumboni, ndiyo maana akilishwa mabua matupu hanenepi.

Wenye viwanda wanaitumia. Huko Sarpsborg, nchini Norwei, kiwanda hutoa vanilini katika lignini ya miti. Harufu yake ni ile ile ya vanila wanayolima ndugu zetu wa Bukoba! Lignini nyingine hutengenezwa dawa ya kuchanganya na zege ili lisitake maji mengi. Kwetu Tanzania, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, huchoma maji meusi yenye lignini kupata nguvu ya mitambo.

Kiwanda kama hicho hakiji Lukole kesho, tusidanganyane. Lakini yuko fundi mdogo anayeweza kuivunja lignini, naye ni uyoga mamama. Katakata mabua makavu, vipande vya urefu wa kidole. Chemsha kama saa moja, chuja, acha yapoe. Changanya na mbegu ya uyoga, jaza katika mifuko ya plastiki, funga, weka kwenye kibanda chenye giza. Baada ya wiki tatu hivi mfuko utakuwa mweupe. Utoboe, ingiza hewa na mwanga kidogo, nyunyizia maji kila siku. Mfuko ukiota ukungu wa kijani, utoe nje mara moja.

Mama mmoja alituuliza, "Na kuni za kuchemshia je?" Tulicheka, lakini ana haki. Basi, badala ya kuchemsha, loweka mabua usiku kucha katika maji ya chokaa, halafu yachuje vizuri. Mbegu ndiyo ya kununua, kwa hiyo afadhali tuchange watu kadhaa. Mkimaliza kuvuna, masalia yapelekeni kwenye migomba. Yamekwisha lainika, yataoza upesi.