Penseli Wakati wa Likizo: Katuni na Uhuishaji kwa Watoto wa Garsen

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wazee wa vijiji, Tana Delta



Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Novemba, mtoto wa Garsen hakosi kazi. Wapo wanaopeleka mbuzi malishoni, wapo wanaofukuza ndege kwenye mpunga na nyani kwenye mahindi, na wasichana wengi hubaki na wadogo zao, maji na jiko. Asubuhi wengine wako madrasa. Anayesema watoto wa huku hukaa bure likizoni hajaishi huku. Lakini katikati ya kazi hizo hubaki saa mbili tatu za mchana, jua likiwa kali, na saa hizo mtoto huzimalizia kwenye simu ya kaka yake akitazama katuni zilizotengenezwa na watu wa mbali. Mazungumzo haya yanahusu saa hizo: vipi mtoto anayetazama katuni anaweza kuwa mtoto anayetengeneza katuni, na jambo hilo lina uzito gani kwa mji kama Garsen.

Sheria ianze, kwa sababu huulizwa kila mara. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Darasa la katuni halifundishi mtaala, halina mtihani, na mtoto huja kwa hiari yake. Siku litakapoanza kukaririsha hesabu kwa jina la sanaa, litakuwa limegeuka kuwa kile kilichokatazwa. Jambo la pili ni nani mwenye jukumu. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, nayo kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maktaba na shughuli za utamaduni. Katuni na hadithi zinaingia hapo kwenye utamaduni. Kwa hiyo anayetaka kutumia chumba cha shule apate ruhusa ya mwalimu mkuu na bodi ya shule. Anayetaka kutumia kivuli cha mti anahitaji ruhusa ya wenye mji tu, na kivuli hicho kikiwa cha mathenge, basi mti huo uliotusua miiba kote kaunti nzima utakuwa umelipa deni dogo.

Katuni ni mchoro unaosema jambo kwa mistari michache. Uhuishaji ni kuupa mchoro huo uhai, na neno lenyewe limetoka kwenye "hai". Kwa kweli hakuna kinachotembea. Ni picha nyingi zinazotofautiana kidogo, zikipita mbele ya macho kwa kasi hadi jicho linaziunganisha. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi huchora 12 na kuionyesha kila moja mara mbili, na mtazamaji hatambui.

Hesabu hiyo inaingia vizuri kwenye daftari la shule. Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Mtoto akichora picha moja kwenye pembe ya kila karatasi, kisha akazipeperusha kwa kidole gumba, anapata sekunde nne. Sekunde nne zinatosha kabisa: mtumbwi unatoka ukingo huu, kiboko anaibuka, mtumbwi unarudi ulikotoka kwa haraka kuliko ulivyokwenda. Kazi iko kwenye karatasi ya kumi hivi, pale mtoto anapogundua kwamba mtumbwi wake unaruka kama panzi kwa sababu amausogeza mno kati ya picha na picha. Hapo anarudi nyuma, anafuta, anapima kwa rula, anaanza tena. Mwalimu wa hesabu atatambua kinachoendelea hata kama mtoto hatakitambua.

Kitabu cha namna hiyo kilipewa hataza Uingereza mwaka 1868, kwa jina la John Barnes Linnett. Ila wazo ni kongwe zaidi. Huko Shahr-e Sukhteh, mashariki mwa Iran, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kikombe cha udongo chenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, na kando yake pamechorwa mbuzi mara tano mfululizo. Ukikizungusha kikombe, mbuzi anaruka kuufikia mti na kula majani. Mfugaji yeyote wa Garsen angemtambua mbuzi huyo, na angemfukuza.

Mahali penye simu moja ya kamera, darasa linaweza kwenda hatua ya pili bila kuchora hata mstari. Watoto wanafinyanga ng'ombe kwa udongo wa mto, au wanatumia vizibo vya soda, mbegu za embe na vijiti. Simu inawekwa mahali pamoja isitikisike, kwa mfano ndani ya sanduku la kadibodi lililotobolewa tundu na kushikiliwa kwa matofali. Ng'ombe anasogezwa upana wa punje ya mchele, picha inapigwa. Anasogezwa tena, inapigwa tena. Sekunde kumi za picha inayotembea kwa picha 12 kila sekunde ni picha 120, yaani kazi ya mchana mzima kwa watoto wanne: mmoja anasogeza, mmoja anapiga, mmoja anahesabu na wa nne anachunga kivuli cha mtu yeyote kisiingie. Programu za bure za kuziunganisha picha hizo zipo, na zikishapakuliwa nyingi hufanya kazi bila intaneti. Kosa linaloharibu zaidi ni jua. Likihama, kivuli cha ng'ombe nacho kinahama, na filamu inaonekana kama siku nzima imepita katika sekunde kumi. Kuna watoto watakaoona hilo ni kosa, na kuna mmoja atakayeona ni njia ya kuonyesha kiangazi. Huyo wa pili aangaliwe.

Kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. Wasomaji wa zamani wa Taifa Leo wanamkumbuka Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau kwa miongo mingi. Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaacha masomo ya usanifu majengo na kujiunga na gazeti la Nation mwaka 1992. Mwaka 2009 vikaragosi vyake vikaanza kuwatania wanasiasa kwenye runinga katika The XYZ Show. Kijarida cha Shujaaz, kilichoanza mwaka 2010 na kugawanywa bure, kilizungumza na vijana kwa Sheng kuhusu kilimo na pesa kwa njia ambayo mabango ya serikali hayajawahi kuiweza, na hili linasemwa na jarida la serikali.

Mfano ulio karibu zaidi na watoto ni Tinga Tinga Tales. Vipindi vyake 52 vilitengenezwa Nairobi, vikaanza kuonyeshwa Uingereza na BBC mwaka 2010. Mtindo wake wa rangi ulitokana na michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, na hadithi zake ni zile ambazo bibi yeyote wa Tana angezijua kwa umbo: kwa nini mnyama fulani yuko jinsi alivyo. Sasa, misitu ya kando ya Mto Tana ina nyani wawili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabey wa Tana. Hadithi ya kwa nini mbega huyo ni mwekundu bado haina katuni yake. Mtoto wa Wenje ana haki ya kuichora kabla ya studio ya ng'ambo.

Mzazi ataulizia kazi. Jibu la kweli ni kwamba watoto wengi watakaohudhuria hawatakuwa wachoraji wa kulipwa, na mratibu anayeahidi ajira kwa mtoto wa miaka kumi anauza maneno. Hata hivyo, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na moja ya njia tatu za sekondari ya juu ni Sanaa na Spoti. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli nje ya somo hawezi kujua kama njia hiyo ni yake.

Lipo jambo zito zaidi ya kazi. Mapigano ya mwaka 2012 hadi mapema 2013 katika delta yaliua zaidi ya watu 100. Watoto wa likizo hii hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, lakini wamesikia. Wamesikia upande mmoja, kila mmoja upande wa nyumbani kwao. Darasa linaloketisha watoto wa wakulima na wa wafugaji kwenye mkeka mmoja linaweza kutumia zoezi rahisi la visanduku vinne. Kila mtoto anapewa mada ile ile: malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni. Mtoto wa shambani huenda akachora ng'ombe wakubwa kama ndovu na mahindi madogo yakikanyagwa. Mtoto wa boma huenda akachora ua mrefu wa miiba na ndama aliyetoa ulimi kwa kiu. Visanduku viwili vikijaa, wanabadilishana karatasi, na kila mmoja anachora kisanduku cha tatu kwenye hadithi ya mwenzake. Cha nne wanachora pamoja, na kabla ya kuchora lazima wakubaliane ng'ombe wapite wapi na saa ngapi. Wazee wamekaa vikao vingi juu ya kisanduku hicho cha nne.

Zoezi hilo linahitaji kanuni moja isiyovunjwa. Katuni hukuza: pua, tumbo, kilemba, hasira. Mchoraji akikuza tabia ya mtu mmoja mlafi, watu wanacheka na mlafi anajijua. Akikuza sura au mavazi ya jamii nzima, amechora matusi, na matusi yaliyochorwa husambazwa kwenye simu haraka kuliko ya mdomo. Mwalimu ampe mtoto nafasi ya kumchora mlafi, na achukue karatasi ya pili bila mjadala.

Wako wazazi Waislamu wanaoona kuchora viumbe vyenye roho hakufai, na darasa la likizo halina mamlaka ya kutoa fatwa. Linachoweza ni kumpa mtoto wao kazi kamili isiyo na kiumbe: mto unaojaa, mawingu yanayokusanyika, mtumbwi, herufi zinazojipanga zenyewe kuwa neno, vizibo viwili vinavyogombana. Mzazi aulizwe mapema, na akikataa mtoto asitengwe pembeni kama aliyeadhibiwa. Kuhusu picha za watoto wenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi. Kazi ya mtoto ionyeshwe kijijini kwanza, na uso wake usipandishwe mtandaoni kwa sababu tu mgeni amependa tabasamu lake. Watu wazima wawili wawepo muda wote, mmoja wao mwanamke.

Wasichana wana kikwazo chao. Darasa likianza saa nane na jiko likamngoja, hatakuja, au atakuja na mtoto mgongoni. Aruhusiwe kuja naye. Mdogo huyo apewe udongo afinyange.

Likizo ipi inafaa? Aprili huja na mvua za masika. Mwaka 2024 mvua hizo zilifurika hadi muhula wa pili ukachelewa kote nchini, shule zikafunguliwa Mei 13, na familia nyingi za Tana River zilikuwa kambini. Novemba ina likizo ndefu, lakini Novemba 2023 nayo ilikuwa ya mafuriko. Agosti ndiyo salama zaidi, baada ya sala ya adhuhuri hadi karibu na alasiri, siku tatu kwa wiki. Wachunga mbuzi wanaolala mbali na mji watafutiwe siku moja ya mnada au soko, watakapokuwa wameingia Garsen na wazazi wao.

Na mafuriko yakija, vifaa viwe ndani ya ndoo moja yenye kifuniko: penseli, vifutio, rula, karatasi, simu moja iliyofungwa kwenye plastiki. Ndoo inapanda boti au trekta pamoja na unga. Kambini mtoto hana shule wala shamba, na kile alichokiona usiku maji yalipoingia hana wa kumwambia, kwa sababu wakubwa wote wanatafuta maturubai. Akipewa visanduku vinne anaweza kuanza kusema. Wanaosambaza misaada nao hujifunza kitu: ramani ya mtoto ya njia aliyopita kukimbia maji huonyesha mahali palipokuwa na kina, na mahali ambapo palikuwa pakavu.

Wazazi na walimu wanaotaka darasa kijijini kwao waanzie kwa mwalimu mkuu na msimamizi wa wadi, wakiwa na orodha ya watoto, mahali, na majina ya watu wazima wawili. Hakuna haja ya kungoja karatasi mpya. Madaftari ya mwaka jana yasiuzwe kwa wauza mahamri kabla hayajakaguliwa: pembe zake zote bado ni nyeupe.