Kumchagua Mwalimu wa Udereva



Mtu anayetaka kujifunza kuendesha motokaa mara nyingi huanza kwa kuuliza bei. Swali hilo si baya, kwa kuwa fedha za wengi hutoka katika mauzo ya maziwa au ya majani ya chai, nazo hazipatikani kwa urahisi. Lakini asiulize hilo tu. Yafaa aulize pia ni wanafunzi wangapi wapandao gari moja kwa somo moja, na kila mmoja hushika usukani kwa muda gani. Mwalimu wa bei ndogo ambaye mwanafunzi wake huendesha dakika kumi, kisha akampisha mwenziwe, ni ghali kuliko wote.

Katika Kenya shule ya udereva na mwalimu wake hawana budi kuwa na kibali cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwanafunzi asione haya kuomba kuonyeshwa kibali hicho. Aliye nacho hataudhika. Kisha alitazame gari lenyewe: liwe na herufi L nyekundu juu ya kibao cheupe, mbele na nyuma, na mwalimu awe na breki yake upande wa kushoto. Mwanafunzi akifadhaika mbele ya ng'ombe wavukao njia, ni breki hiyo itakayomwokoa yeye na mchungaji pia.

Njia iliyo bora ya kumjua mwalimu ni kuomba ruhusa ya kukaa kiti cha nyuma mwingine anapofundishwa. Gari likizimika mlimani, na magari ya nyuma yakipiga honi, mwalimu hufanyaje? Yuko agombezaye, na yuko anyakuaye usukani. Aliye mwema husema kwa sauti ya chini: vuta breki ya mkono, kanyaga klachi, washa injini, anza tena.

Wako pia wafundishao ubao tu. Ubao ule wa mji wa mfano, wenye vigari vidogo, hufaa kwa kujua kanuni za njia panda, na mtahini huutumia. Lakini aliyeukariri hajakutana na ukungu wa Kimende. Wala hajui kwamba katika mteremko wa kushukia Mai Mahiu dereva hutia gia ndogo ili injini ilizuie gari, kwa maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na nguvu zake hupungua. Na akitokea mwalimu aahidiye leseni bila mtihani, mwanafunzi aondoke upesi na fedha zake.

Kila somo likiisha, amwulize mwalimu ni kosa gani alilofanya siku hiyo. Akijibiwa kila mara kwamba yote ni mazuri, atafute mwingine. Na kwa sababu hiyo ada isilipwe yote siku ya kwanza.