GARI LILILOSIMAMA KANDO YA BARABARA NA HESABU ZA KOMPYUTA



Katika mipango ya barabara, gari linalokwenda limepewa heshima kubwa kuliko gari lililosimama. Gari linalokwenda huhesabiwa, hupimwa mwendo wake, hukadiriwa litakuwa na wenzake wangapi baada ya miaka 20, na kwa ajili yake lami humwagwa. Gari lililosimama, kwa upande wake, huachiwa askari wa usalama barabarani na mkusanya ushuru. Lakini mtu aliyepita Dutwa, katika Wilaya ya Bariadi, anajua kwamba mahali kama hapo shughuli zote hulizunguka gari lililosimama. Basi likisimama, wauza karanga na ndizi hukimbilia madirishani. Lori likisimama, bodaboda hujipanga nyuma yake. Na abiria anayeshuka hana mahali pengine pa kukanyaga isipokuwa pale pale ambapo dereva amependa kumshushia.

Dutwa iko kwenye barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi, ambayo huendelea Maswa hadi Mwigumbi, Shinyanga. Sehemu ya Bariadi hadi Lamadi ina urefu wa kilomita 71.8 na sasa ni ya lami. Jambo hilo ni la kushukuru, kwani Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na pamba haisafiri vizuri kwenye matope. Hata hivyo lami imeleta swali ambalo vumbi na mashimo yalikuwa yakilijibu yenyewe. Zamani dereva alipunguza mwendo apende asipende. Leo mwenye haraka anapita katikati ya kituo cha biashara kwa kasi ile ile aliyokuja nayo kutoka Lamadi, huku mwenzake ameegesha magurudumu mawili juu ya lami na mawili juu ya changarawe.

Wahandisi wa siku hizi hawangoji barabara ijengwe ndipo waone msongamano utakavyokuwa. Wanazo programu za kompyuta zinazoiga mwendo wa magari. Mojawapo, iitwayo SUMO, ilianza kutungwa mwaka 2000 nchini Ujerumani katika kituo cha taifa cha utafiti wa anga na usafiri, nayo hutolewa bure kwa yeyote anayeihitaji. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo chochote nchini anaweza kuichora barabara ya Dutwa katika kompyuta yake bila kulipa senti. Swali ni je, Dutwa atakayoichora itafanana na Dutwa yenyewe?

Kabla ya kujibu, yafaa ifahamike jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, na kwa hilo umeme hauhitajiki. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, walieleza njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuionyesha darasani kwa kete za bao. Chora mstari wa mashimo sakafuni. Kila shimo ni mita 7.5 za barabara, na kila kete ni gari moja. Kila zamu ni sekunde moja. Katika zamu hiyo kila kete huongeza mwendo kwa shimo moja mpaka ifikie mwisho wa mwendo unaoruhusiwa. Kisha hutazama mashimo matupu yaliyo mbele yake na kupunguza mwendo ili isimgonge aliyetangulia. Kisha, mara moja moja, hupunguza tena kwa shimo moja bila sababu yoyote, kwa kuwa madereva ndivyo walivyo. Halafu hatua hupigwa. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo ndani ya makazi, ni karibu sawa na mashimo mawili kwa kila zamu. Mita 600 za katikati ya Dutwa ni mashimo 80. Mistari miwili, mmoja wa kwenda Bariadi na mmoja wa kwenda Lamadi, inatosha kuanzia.

Sasa weka lori lililosimama. Ni kete mbili zilizokaa katika mashimo mawili na kukataa kuondoka. Hapo darasa zima litaona jambo ambalo ofisi nyingi hazijaliona. Kama mstari wa pili una nafasi, kete za nyuma hulipita lori hilo kama maji yanavyolipita jiwe. Kama mstari wa pili umejaa, foleni huanza. Chukua kwa mfano kwamba kila upande unapitisha magari 150 kwa saa. Basi likisimama juu ya lami kwa dakika mbili, magari yanayofika nyuma yake ni matano tu, na kati ya gari na gari linalokuja kutoka mbele pana wastani wa sekunde 24. Dereva anayehitaji sekunde nane au kumi kulipita basi anazipata bila taabu. Lakini siku ya mnada magari yanayotoka mbele yakifika 600 kwa saa, wastani huo hushuka hadi sekunde sita, na basi lile lile, kwa dakika mbili zile zile, huifunga njia. Magari yameongezeka mara nne, lakini taabu imeongezeka zaidi sana ya mara nne.

Katika programu kubwa kama SUMO gari haliwezi kusimama ovyo. Mchoraji hana budi kuandika litasimama katika njia ipi, kuanzia mita ya ngapi hadi ya ngapi, kwa sekunde ngapi, na tena aweke alama moja ndogo inayosema kama gari hilo, likiwa limesimama, limo ndani ya njia au limetoka nje. Alama hiyo ndogo ndiyo yenye matata. Akiandika kwamba magari yote ya Dutwa hutoka nje ya njia, kompyuta itaonyesha barabara safi isiyo na kikwazo. Akiandika kwamba yote hubaki ndani, itaonyesha foleni ambazo hakuna mtu wa Dutwa aliyewahi kuziona. Ukweli uko katikati, kwenye yale magurudumu mawili. Zipo njia za kuueleza ukweli huo, kwa kuigawa njia moja ya gari katika vipande vyembamba ili pikipiki iweze kupenya pembeni mwa lori, lakini anayezitumia lazima kwanza ajue kwamba jambo hilo hutokea. Aliyekaa mbali hajui.

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Utafiti mwingi wa maegesho ulimwenguni umefanywa katika miji ambako gari hutafuta nafasi. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikusanya tafiti 16 za kati ya mwaka 1927 na 2001, akaona kwamba katika sehemu zilizochunguzwa wastani wa asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yakizunguka tu kutafuta pa kuegesha. Mwaka 2008 watafiti wa Israeli walieleza programu waliyoipa jina PARKAGENT, ambamo kila dereva wa Tel Aviv hutafuta nafasi yake, akikosa husogea mtaa wa pili, akichoka hulipia. Programu ya namna hiyo ingefaa Kariakoo au katikati ya Mwanza. Dutwa hakuna anayetafuta nafasi, nafasi ipo tele. Kinachotafutwa ni watu. Dereva wa basi husimama walipo abiria, na abiria husimama wanapojua kwamba basi husimama. Muuza maji huwafuata wote wawili, na bodaboda humfuata abiria. Hivyo kituo hujijenga chenyewe, bila kibao wala mchoro, na hujisogeza chenyewe. Dereva wa ndani ya kompyuta, maskini, hana shangazi wa kumsalimia njiani wala kifurushi alichoagizwa kukiacha kwa mwenye duka. Yeye husimama alipoandikiwa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza haiko katika kompyuta. Iko kando ya barabara, kwa kalamu, saa na karatasi. Na hapa pana kosa ambalo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Njia iliyozoeleka ya kuhesabu magari yaliyoegeshwa ni kuzunguka kila baada ya dakika 15 na kuandika namba za magari yaliyopo. Njia hiyo ni nzuri mjini ambako gari huegeshwa asubuhi na kuondoka jioni. Lakini chukua magari 60 yanayosimama katika muda wa saa moja, kila moja kwa dakika mbili. Kwa wastani, wakati wowote utakaopita utayakuta mawili. Ukipita mara nne umeandika manane, na 52 hukuyaona. Hayo 52 ndiyo mabasi, pikipiki na magari madogo ya abiria, yaani ndiyo hasa yanayosimama juu ya lami. Karatasi itasema magari manane, mchoraji ataandika manane, na kompyuta, ambayo haina mazoea ya kubisha, itakubali. Dawa yake ni mtu kukaa mahali pamoja na kuandika kila gari lilipofika, lilipoondoka, na magurudumu yake yalikuwa wapi.

Muda wa kusimama una uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Magari 20 yakifika kila saa na kila moja likakaa robo saa, kwa wastani yatakuwapo matano. Magari hayo hayo 20 yakikaa saa mbili kila moja, kama yanavyoweza kufanya malori yanayongoja mzigo wakati wa ununuzi wa pamba, yatakuwapo 40. Hata yakihesabiwa mita sita tu kila moja, hiyo ni mita 240 za ukingo wa barabara, na lori halina mita sita. Idadi ya wanaofika haikubadilika hata kidogo. Anayetaka kutenga eneo la malori kabla ya msimu hana haja ya kujua kitu kingine chochote kabla ya kujua muda huo.

Lipo jambo zito kuliko hayo. Tuseme kazi yote imefanywa vizuri, magari yamehesabiwa, magurudumu yameandikwa, na programu imeendeshwa. Jibu lake linaweza kuwa kwamba siku ya kawaida magari yaliyosimama Dutwa humchelewesha mpita njia kwa sekunde chache tu. Jibu hilo litakuwa sahihi. Na afisa atakayelisoma anaweza kufunga jalada akiamini kwamba Dutwa haina tatizo. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa programu hizi zilitungwa kupima kuchelewa. Kanuni zinazowaongoza madereva wake, kama ile aliyoiandika Stefan Krauß mwaka 1998 na ambayo SUMO huitumia pasipotajwa nyingine, humlazimisha kila dereva kwenda kwa mwendo ambao atawahi kusimama aliye mbele akisimama. Kwa kanuni hiyo ajali haitokei. Si kwamba barabara ni salama, bali ajali imekatazwa tangu mwanzo.

Mwanafunzi anayetoka nyuma ya lori hayumo katika hesabu hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, katika barabara kavu na dereva aliye macho, huhitaji karibu mita 30 ili lisimame. Kwa kilomita 80 huhitaji karibu 60. Lori lililoegeshwa ukingoni humficha mtoto mpaka awe amebakiza hatua moja kuingia njiani, na dereva humwona akiwa mita 15 mbele yake, au kumi. Kwa kawaida dereva wa ndani ya kompyuta humwona mtu hata akiwa nyuma ya lori, kwani kwake lori halina kivuli. Kwa hiyo idadi ya sekunde zinazopotea haitoshi. Pamoja nayo ni lazima iandikwe kila lori lilisimama umbali gani kutoka mahali wanafunzi wanapovukia, na katika saa zipi. Walimu wa shule zilizo kando ya barabara wanazijua saa hizo bila kuulizwa mara mbili.

Sehemu ya kutolea magari nje ya lami ipo kisheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Lakini katika vituo vingi vya namna hii hifadhi hiyo ndiyo iliyobeba meza za nyanya na vibanda vya chai. Kituo cha mabasi kikichongwa mita 300 kutoka walipo watu kwa sababu pale ndipo penye uwazi, mabasi yatakwenda pale siku askari yupo, na siku hayupo yatarudi kwenye nyanya. Kinapochongwa hapo hapo penye watu, meza zikasogezwa nyuma hatua kumi badala ya kuondolewa, mama muuza ndizi bado atalifikia dirisha la basi, na magurudumu yote manne yatakuwa nje ya lami. Michoro yote miwili inaweza kuendeshwa katika programu kwa mchana mmoja, mradi mchoraji awe ameandika basi litasimama wapi askari akiwa hayupo.