Motahomu ya Mtumba: Soma Tairi Kabla ya Sebule

Msikilizaji, kama uko barabarani shika usukani vizuri. Kama ndiyo kwanza umetoka zamu ya usiku, kunywa chai yako lakini usilale kabla hujanisikia. Leo tunazungumzia matairi tena, na mwezi ujao tutayazungumzia ikibidi. Motahomu za mtumba zinaendelea kupasuka matairi kwenye barabara kuu za hapa Marekani, na wenye magari hayo ni watu wetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, waliokesha kazini miaka nenda miaka rudi, wakaweka akiba, wakanunua nyumba ya magurudumu ili nao waende Arizona wakati huku kwetu theluji imefika magotini.

Nazungumzia zile kubwa za dizeli. Injini nyuma, breki za upepo, futi 38 mpaka 45, jikoni granaiti, sebuleni televisheni kama ukumbi wa sinema. Ikiwa mpya inauzwa dola laki kadhaa. Ikifikisha miaka kumi na tano imeshuka bei mpaka dereva wa lori mwenye akiba naye anaiweza, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mtu amejilaza usiku wa manane anapitisha picha kwenye simu. Anaona makochi ya ngozi, anaona rangi inang'aa, anaona gari la mwaka 2007 limetembea maili 24,000 tu. Anamwamsha mkewe. Kabla hakujapambazuka ameshatuma pesa ya kushikia gari kwa dalali aliye majimbo matatu mbali. Hajauliza matairi ni ya mwaka gani! Ukimuuliza wewe anakujibu, "Kaka, kashata zote zipo, tairi halijaliwa hata robo." Ni kweli kashata zipo. Nani amekwambia tairi hufa kwa kashata peke yake?

Na wanaoniumiza moyo zaidi ni madereva wa lori, watu wenye leseni kubwa, wanaokagua gari kila asubuhi kabla ya kuondoka. Hawa ndio wanaodanganyika upesi, kwa sababu tairi la lori linakimbia usiku na mchana na linaisha kashata kabla halijazeeka. Hata nyumbani ndivyo tulivyozoea: daladala au fuso la Tunduma linatembea mpaka tairi linatoka kipara, umri wake hakuna anayeuliza. Motahomu haiishi hivyo. Inatembea wiki tatu, inasimama miezi kumi. Tairi lake linazeeka likiwa na kashata zake zote.

Sikiliza namna linavyozeeka. Ndani ya mpira mna dawa ya kuulinda na hewa na jua. Dawa hiyo inasogea kuja juu pale tairi linapozunguka na kupata joto. Gari likisimama, haisogei. Ubavu unakauka, nyufa ndogo zinaanza, na huko ndani usikokuona mpira unaanza kuachana na nyaya za chuma. Kwa hiyo unapotangaziwa maili chache, usishangilie. Uliza gari lilisimama wapi, lilisimama muda gani, na nani alikuwa akiliwasha.

Kusoma umri wa tairi ni kazi ya dakika moja, ndiyo maana nakosa uvumilivu na asiyeifanya. Tafuta ubavuni herufi DOT. Fuata mstari huo mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Utaratibu huu ulianza mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la karne iliyopita na usilitembeze hata kwenda kituo cha mafuta. Likipita miaka mitano, fundi wa matairi alikague kila mwaka. Likifika kumi, litoke, hata kama lina nywele za kiwandani. Mimi nikiwa nanunua, likipita saba naanza kukata bei ya seti mpya, na seti ni matairi sita, au manane kama gari lina ekseli ya ziada nyuma. Ni maelfu ya dola hayo, msikilizaji.

Kuna ujanja hapa. Mara nyingi mstari wenye tarehe umegeuziwa upande wa ndani, na tairi la pili la nyuma limejificha nyuma ya mwenzake. Watu wanalala chini na tochi wanajipenyeza uvunguni. Nakuomba, usiingie uvunguni! Gari hilo limekalia mifuko ya upepo. Mfuko ukipasuka au valvu ikiachia, tani kumi na zaidi zinashuka, na watu wamekufa hivyo. Washa taa ya simu, nyoosha mkono nyuma ya gurudumu, piga picha. Ukilazimika kuingia, fundi aweke stendi za chuma kwenye chasisi kwanza. Na ukikuta muuzaji ameyapaka matairi dawa ya kung'arisha mpaka yanameta, yafute kwa kitambaa ndipo uangalie nyufa.

Kuna baba mmoja, mstaafu, alinunua gari zuri la mwaka 2006, yakamkuta karibu na Amarillo, Texas, kwenye barabara ya I-40. Tairi la mbele kushoto likapasuka. Akafanya ambacho kila mtu angefanya: akakanyaga breki. Gari likavutwa kushoto, likaingia kwenye nyasi za katikati ya barabara. Yeye alipona, mkewe alivunjika mkono. Nililiona tairi lenyewe baadaye: kashata nzima, ukiweka kucha inazama, na tarakimu zikisomeka 1909. Miaka yote hiyo hakuna aliyelibadilisha, kwa sababu "halijaisha". Tairi la mbele likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa nguvu, ongeza mafuta kidogo ili gari liendelee kunyooka, kisha liache lipungue mwendo lenyewe na ulitoe pembeni polepole.

La nyuma nalo usilidharau. Shemeji mmoja wa Ohio lilipompasukia, vipande vya nyaya vilichapa uvungu mpaka vikakata bomba la maji machafu na waya za taa. Bili ya fundi ilizidi bei ya matairi yote sita.

Linaloyaua matairi pamoja na umri ni uzito, na hapa tunakosea kwa desturi zetu. Sisi tukisafiri tunabeba. Magunia ya mchele, friza la nyama, zawadi za ndugu, jenereta ya ziada. Granaiti, mashine ya kufulia na vyumba vya kusukuma nje vimeshakula sehemu ya uzito unaoruhusiwa. Tangi la maji la galoni 100 ni ratili zaidi ya 800 peke yake. Karibu na kiti cha dereva kuna kibandiko kinachosema kila ekseli ibebe kiasi gani, kisome. Halafu peleka gari kwenye mizani za CAT Scale pale pale unapojaza dizeli ya lori. Wewe dereva wa lori mizani hiyo unaipanda kila wiki kwa mzigo wa tajiri, mbona kwa watoto wako hupandi? Upepo wa tairi nao unajazwa kulingana na uzito uliopimwa, asubuhi tairi likiwa la baridi.

Injini, nitasema kwa ufupi. Cummins na Caterpillar, gia boksi ya Allison: karakana yoyote ya malori inazijua, ingawa Caterpillar ilikwisha kuacha injini za magari ya barabarani. Kuanzia mwaka 2007 zilikuja na chujio la masizi kwenye ekzosi, na kuanzia 2010 zikaongezewa maji ya urea. Mifumo hiyo inataka safari ndefu. Gari la kukaa tu linaiziba. Rejeta ikiwa nyuma, mulika tochi uone kama imeganda vumbi na mafuta, maana upande wa injini hauuoni ukisimama nje, na uchafu huo ndio unaochemsha injini mlimani. Gusa injini kabla haijawashwa: ukiikuta ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika ili usisikie inavyoamka. Oili ipelekwe maabara. Paa likaguliwe kama linavuja.

Watu wananiuliza kuhusu Monaco, Fleetwood na Country Coach, kampuni zilizofilisika mwaka 2009. Mashine haitakusumbua. Vioo vya mbele na swichi za vyumba vya kusukuma ndivyo vitakavyokusumbua, kwa hiyo ulizia kioo kabla hujanunua. Leseni: Texas ukivuka ratili 26,000, na California ukivuka futi 40, wanataka daraja maalumu hata kama si gari la biashara. Ulizia jimbo lako.

Mama mmoja wa Iowa ametuletea ujumbe wa sauti. Yeye na mzee wake, dereva wa lori, wameona magari mawili. La kwanza la mwaka 2008, futi 42, maili 28,000, ndani kama hoteli, matairi yanasoma 0811. La pili la mwaka 2005, futi 38, maili 96,000, makochi yamechoka, matairi yanasoma 3123, na mwenyewe ana faili la risiti za oili na chujio tangu alinunue. Mzee anataka lile la kwanza.

Mama, mwambie mzee achukue la 2005. Gari hilo limetembea, limetunzwa, na kochi mtashona upya. Yule aliyeacha matairi tangu mwaka 2011, unadhani mikanda ya injini na hozi za breki alizibadilisha lini? Mkutane na muuzaji saa mbili asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mlipe mkaguzi wenu wenyewe, msikubali wa dalali. Jenereta iwashwe pamoja na viyoyozi vyote kwa saa nzima, na breki za upepo zijaribiwe kama mzee anavyolijaribu lori lake. Halafu mlipeleke mizani. Muuzaji akisema ana haraka, kuna mnunuzi mwingine njiani, mwacheni amuuzie huyo. Pesa ibaki benki mpaka karatasi ya mizani na majibu ya oili viwe mkononi mwenu.